Sura ya Nne: Kibao Kinachorudi

Wabeba mizigo waliulizwa mmoja mmoja, kila mtu chumba chake, na wote walisema neno lile lile bila kutofautiana. Lori lilikuwa likirudi kinyumenyume kuelekea duka la Sultanali, wao wakipiga kelele, "Toka! Toka we!", na mgeni mmoja aliyesimama njiani mwake akawageuzia uso kwa upole, kama mtu anayeitikia salamu, akasema: "Nimeambiwa nisitoke hapa." Kisha lori likamgonga.

Aliambiwa na nani? Wabeba mizigo waliapa kwamba tangu wafike na lori hawakuona mtu akisema naye. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini barabarani, jambo la kawaida katika mji wa Gitega, lakini mtu anayetafuta sababu ya kuogopa huipata hata kwenye ukungu wa kawaida.

Inspekta Kasilda Nimbona hakuwa mtu wa mizuka. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako watu walikuwa na mengi zaidi ya kuogopa kuliko wafu, akarudi nyumbani amani ilipotulia, akaingia polisi. Kiswahili chake kilibaki cha huko alikokulia, na wenzake ofisini walimtania kwamba anaongea kama redio. Aliwaacha wacheke. Jambo lililomkera ni kwamba maiti ilikuwa imelala hospitali bila jina, na dereva wa Kikongo, Magloire, alikuwa ndani kwa kosa la kuua kwa makusudi, na Ijumaa faili lingepanda kwa mwendesha mashtaka. Likishafika kule, Magloire angeozea gerezani, maana hakuwa na ndugu mjini wa kumfuatilia.

Alianzia mahabusu. Magloire alikuwa ameketi chini, mabega mapana yamemlegea.

"Ulimtishia," Kasilda alisema. "Watu wamesikia."

"Nilimutishia, afande, siwezi kukataa. Nilisema toka ao nitakukanyaga. Ile maneno shoferi yote anasemaka kila siku, na hakuna muntu anakufa."

"Huyu amekufa."

"Mi niliangalia mu kioo. Niliona kibao. Muntu sikumuona. Nikasema basi, ameishaenda, nikarudisha kamyo pembeni yake."

"Kibao gani?"

"Ile ya bisi. Ya Muyinga. Ni bati kubwa, muntu akisimama nyuma yake haumuone."

Kasilda alifungua faili. "Askari walipofika, kibao cha basi la Muyinga kilikuwa chini kabisa, kwenye kituo cha mafuta, mahali halmashauri ya komini ilipokiweka. Kwenye nafasi ya malori hapakuwa na kibao. Na wabeba mizigo nikiwauliza habari zake, wanaogopa hata kukitaja."

"Sasa mi niseme nini?" Magloire alishika kichwa. "Ilikuwa pale. Wenyeji ya hapa wanajua. Ile kibao inatembea, afande. Uliza watu."

Kasilda hakuhitaji kuuliza. Mji mzima ulikuwa unalizungumza.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tangu zamani, kabla ya vita, mabasi ya Muyinga yalikuwa yakisimama mbele ya duka la Sultanali, na hapo ndipo palipokuwa na kibao. Mwaka ule komini ikatoa amri mpya. Ukingo wa barabara mbele ya duka ulipakwa rangi ya manjano, ukawa mahali pa malori kushusha mizigo, asubuhi tu. Abiria na magari mengine wasithubutu kusimama hapo. Mabasi yakahamishiwa chini, kwenye kituo cha mafuta, na kibao nacho kikahamishwa. Kikakataa kuhama. Kila baada ya siku chache watu waliamka wakakikuta kimesimama pale pale pa zamani, ndani ya mstari wa manjano, uso wake umesafishwa vumbi. Vibarua wa komini walikirudisha chini wakitukana, kisha wakaacha kutukana, kisha wakaanza kukishika kwa vitambaa wasikiguse kwa mikono. Ilikumbukwa kwamba wakati wa vita watu walifia pale wakisubiri basi. Madereva wakawa wakipita hapo wanagusa honi kidogo, mara moja, bila kutazama.

Barabarani, Kasilda alikikuta kibao kwenye kituo cha mafuta. Bati la bluu, maandishi meupe, nguzo ya chuma iliyosimikwa ndani ya tairi kuukuu lililojazwa saruji. Ni mzigo wa wanaume kadhaa kuubeba. Alizunguka mara mbili, akainama, akaona ukingo wa chini wa tairi umechubuka, mchubuko mweupe ulioizunguka saruji kama pete.

Alishika nguzo kwa mikono yote miwili, akaiinamisha. Tairi likasimama kwa ukingo wake. Akasukuma, na kibao kikaanza kubingirika kwenda mbele kikiyumba, hatua baada ya hatua, kwa wepesi ambao hata yeye haukumfurahisha. Ndani ya ukungu kilionekana kweli kama kinatembea. Mbeba mzigo mmoja aliyekuwa akipita na gunia alilibwaga chini na kutimua mbio.

"Rudi uchukue gunia lako!" Kasilda alimwitia. "Mtoto anaweza kukisukuma. Hata bibi kizee."

Kijana hakurudi. Kasilda alipojipangusa mikono aliona vidole vyake vimeng'aa. Mafuta. Nguzo ilikuwa na mafuta kwa chini, usawa wa kifua cha mtu mfupi, na bati limefutwa kwa uangalifu, hata ndani ya herufi. Aliwatazama mafundi wa kituo cha mafuta wakiwa na ovaroli zao nyeusi, akawaita, akawasumbua kwa maswali kwa muda mrefu bure. Walikuwa warefu wote, na mafuta yao yalikuwa meusi. Haya yalikuwa meupe.

Basi akapanda kwa Sultanali. Duka lilikuwa wazi lakini lori lilikuwa bado limesimama na mzigo wake, maana hakuna aliyekubali kukanyaga mstari wa manjano. Pembeni, ukutani, alikaa mama muuza mandazi, Fatuma, mbele ya beseni lake lililofunikwa. Mtaa mzima ulimfahamu. Ndiye aliyevua khanga yake ya juu akamfunika marehemu, akisema maiti haifai kulala wazi, na leo alikuwa amekaa na khanga moja tu kwenye baridi ile. Kasilda alimwamkia, akaitikiwa, akaingia dukani.

Mzee Sultanali alikuwa nyuma ya kaunta, mkono juu ya mizani. Binti yake Narmin alitaka kuleta chai. Baba akamkataza kwa jicho.

"Nani anakileta kibao mlangoni kwako, mzee?"

"Mi nitajua je, madamu? Mi iko mtu ya duka."

"Mabasi yakisimama hapa, abiria wananunua kwako. Yakihama, duka linapoa. Ningekuwa wewe, ningekirudisha."

Sultanali alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Hii nafasi ya kamyo niliomba mi mwenyewe komini. Zamani bisi inasimama hapa siku yote, kamyo yangu inangoja juu kule, sukari inanyeshewa. Kibao ikirudi hapa, mi napoteza. Mi mwenyewe njo naisukumaka chini kila ikirudi, kabla komini haijaona!"

Narmin aliinamisha uso.

"Na juzi," Kasilda alisema polepole, "ulikisukuma chini saa ngapi? Kabla ya mtu kufa, au baada?"

Mizani iligonga kaunta. Mzee alikaa kwenye gunia la mchele, na alipoanza kusema sauti ilikuwa ndogo.

"Baada. Watu wote walikuwa wanaangalia maiti. Nikaogopa. Nikasema polisi watakuta kituo ya bisi ndani ya nafasi ya kamyo yangu, watasema Sultanali ameua mtu. Nikaisukuma."

"Ukamwachia Magloire aonekane mwongo."

"Nitasema. Nitasema kwa mtu yeyote."

"Lori limebeba mzigo wako. Mwendesha mashtaka atasema umesukumwa na hofu, au dereva ni wako, unamtetea. Sitaki aliyekiondoa tu, mzee. Namtaka aliyekileta."

Alitoka akiwa amepata nusu ya alichotaka, na nusu katika kazi ile ni sawa na mikono mitupu. Ilibaki maiti. Kondakta wa basi lililomshusha marehemu, baada ya kubanwa, alikiri kwamba walisimama kwenye mstari wa manjano kinyume cha amri. Kwenye ukungu walikiona kibao, wakadhani komini imebadili mawazo. Abiria alipandia Muyinga. Njia nzima alikuwa akiuliza kama wamefika penye kibao.

Kesho yake Kasilda alipanda gari kwenda Muyinga. Wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania walikuwa wakiingia kila wiki kupitia mpaka wa Kobero, na waliokuwa hawajajua pa kwenda walihifadhiwa kwenye mabanda ya mabati nje kidogo ya mji. Alipita banda moja baada ya jingine akieleza: kijana, shati la kijani, kovu dogo kidevuni. Kwenye banda la mwisho mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliacha nguo mkononi.

"Huyo ni mume wangu, Mustafa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Kasilda. "Mimi naitwa Riziki. Amekutuma? Amemkuta?"

"Amemkuta nani, dada?"

"Mama yake!"

Kasilda aliomba wakae. Alikuwa ametoa habari mbaya mara nyingi, na hakuna siku aliyozoea. Alisema kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi ni ukatili. Riziki hakupiga yowe. Aliikunja nguo mbichi mapajani, akaikunjua, akaikunja tena, machozi yakidondoka juu yake, na jirani alikuja kumchukua mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

"Kwa nini hakuondoka?" Kasilda aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini. "Alipigiwa kelele. Alipigiwa honi. Alisema ameambiwa asitoke."

"Ni mama yake." Riziki alijifuta uso. "Vita ilipoanza walikuwa kituoni, wanataka kukimbilia huku. Mama akasahau kitu nyumbani, akamsimamisha kwenye kibao, akamwambia: simama hapa, hata wakufukuze usitoke mpaka nije. Mustafa alikuwa hata hajaanza shule. Risasi zikalia, dereva akakusanya watoto waliokuwa pale, akawatupia ndani ya basi, akaondoka. Mustafa alilia mpaka Tanzania. Maisha yake yote alikuwa akisema, mimi nilitoka. Mama aliniambia nisitoke, nikatoka." Akavuta pumzi. "Aliniambia, nikifika Gitega nitasimama pale pale mpaka mama aje. Nilimwambia, Mustafa, ulikuwa mtoto, mama huenda hayupo. Akasema, basi nitasimama siku moja tu, nitulie roho."

Kasilda alisikia nywele za shingoni zikisimama, na ilikuwa mchana wa jua kali.

"Mama yake anaitwa nani?"

"Fatuma. Alikuwa muuza mandazi. Mustafa alikuwa akisema mandazi ya kambini hayana harufu, ya mama yake yalikuwa ya iliki."

Mafuta meupe. Mafuta ya kukaangia, ya mtu mfupi anayeamka kabla ya wengine kuwasha jiko, ambaye hupita barabara ile mapema na hakuna anayemshangaa. Kasilda alikuwa amewasumbua mafundi bure, kisha akamwamkia huyu kwa mdomo wake, akampita. Alijiona mjinga, na juu ya ujinga akaona hofu. Mama yule alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwenye kibao siku ile, kama siku zote.

Walirudi pamoja na Riziki. Kasilda alimwacha hospitali kwa mumewe, akaahidi kurudi kabla ya mazishi, kisha akateremka hadi dukani kwa Sultanali peke yake. Ukungu wa alasiri ulikuwa umeanza kuteremka. Lori lilikuwa bado pale. Fatuma alikuwa akikusanya vitu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yamebaki mawili tu, yamepoa."

Kasilda alivuta kigoda akakaa. Njiani kote alikuwa amejadiliana na nafsi yake. Mtu akishapewa habari ya namna ile hasemi tena kitu cha kuandikwa, na kesho ilikuwa Ijumaa. Kwa hiyo alikuwa ameamua kuuliza kwanza na kusema baadaye, na aliona aibu, na pamoja na aibu yake alitoa kalamu.

"Mama, ni wewe unayekirudisha kibao."

Fatuma hakushtuka hata kidogo. "Ni mi. Nani mwingine ataweza kukumbuka? Wamekipeleka kule chini, mwanangu akija atajua je?"

"Mwanao yuko wapi?"

"Niliambiwa basi ilimchukua. Basi yenye imemchukua itamrudisha. Sasa watu wote wanarudi, kila wiki wanarudi, si unaona? Mi nilimwambia anisubirie kwa kibao. Kibao ikihama, mtoto atapotea mara ya pili." Alisema hayo kwa utulivu wa mtu anayeeleza bei ya unga. "Mkinifunga, nikitoka nitakirudisha tena. Andika hivyo."

Kasilda aliandika. "Siku ile mtu alipokufa, pia ulikileta?"

"Siku ile pia. Mapema. Nikakifuta uso, nikawasha jiko."

"Kwa hiyo dereva alipotazama kioo, kibao kilikuwepo."

"Kilikuwepo. Na yule mtu alikuwa nyuma yake. Dereva hakumuona, mi naweza kuapa." Aliweka alama ya dole gumba kwenye karatasi pale alipoonyeshwa. Magloire alikuwa ameokoka, na Kasilda hakuona furaha yoyote.

"Yule mtu. Ulisema naye?"

"Alinunua andazi moja. Alikula akafunga macho, nikafurahi, nikamwongeza lingine. Akaniuliza, mama, kituo cha Muyinga cha zamani ndiyo hapa? Nikamwambia ndiyo hapa, simama pale kwa kibao, usitoke. Maana bisi zinapita haraka hizi siku, wanaogopa amri ya komini. Nilidhani anasafiri." Fatuma alitikisa kichwa. "Akacheka. Akasema, sitoki, mama. Kijana mwenye adabu."

Kalamu ya Kasilda ilisimama.

"Hukumtazama vizuri?"

"Nitazame wanaume kwa nini? Macho yangu yanatazama watoto wanaoshuka. Wangu yuko hivi." Alinyoosha kiganja hewani, usawa wa bega lake alipokuwa ameketi, akakiacha hapo kidogo kama kinagusa kichwa. Kisha akakirudisha kwenye beseni. "Na ndugu zake yule mmewapata? Nilikuwa nawaza asizikwe kama hana watu."

"Tumewapata. Ana mke, na mtoto mchanga."

"Alhamdulillahi. Na mama yake, yuko hai?"

"Yuko hai."

"Maskini wa Mungu!" Macho ya Fatuma yalijaa machozi, machozi ya kweli, ya kumlilia mwanamke mwenzake. "Na mmeshamwambia?"

Kasilda alifunga kalamu, akaiweka chini, akamshika mikono yote miwili, mikono midogo iliyokuwa bado na mafuta.

"Ndiyo nimekuja kumwambia, mama."

Fatuma aligeuza kichwa, akatazama nyuma yake kwenye ukungu, aone ni nani aliyefuatwa.